Muhtasari wa Saa Nne na Dakika Ishirini

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno kumi na moja. Margwe aliyahesabu kwa vidole, akarudia tena, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini kwamba maneno machache namna ile yanaweza kumfukua mtu kaburini. Karatasi ilikuwa imepigwa kwenye kompyuta ya wilaya, bado haijagongwa mhuri. Joakimu, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa amemletea mwenyewe hadi nyumbani, kwa uso wa mtu anayeleta habari kwamba ng'ombe wako wameingia shamba la jirani: ni bahati mbaya, lakini ndiyo hivyo imeshatokea.

"Muhtasari huu ulighushiwa na aliyekuwa karani wa mkutano, marehemu Restituta Sulle."

Restituta alikuwa mke wake, mama wa binti yao Eva. Alikuwa amezikwa mwezi wa kumi, na sasa ulikuwa mwezi wa tatu.

Joakimu alieleza taratibu, maana alijua Margwe amesoma hadi darasa la nne tu na alipenda kumkumbusha. Habari ilikuwa ya ule ukanda wa malisho chini ya mlima. Zamani ulikuwa ndani ya shamba kubwa la ngano la serikali, na shamba lilipokufa, matrekta yakabaki yanaota nyasi kwenye magurudumu, ukanda ukarudishwa kijijini. Mwezi wa nane mwaka uliopita, siku ya Jumatano tarehe kumi na nne, wanakijiji walikaa wakaamua kwamba ukanda huo ubaki njia ya ng'ombe kwenda majini, wao pamoja na wafugaji wa bondeni, na usikodishwe kwa yeyote. Kijiji hakikuwa na mtendaji, yule wa mwisho alihamishwa na hakuletwa mwingine, kwa hiyo Restituta ndiye aliyeandika. Aliuchapa muhtasari kwenye kompyuta ya parokia, pale alipokuwa akifanya kazi ya ukarani, ukatiwa saini, na diski ikapelekwa wilayani pamoja na karatasi.

Halafu mkoa mpya ukaanza, na wawekezaji nao wakaanza. Mmoja alikuja na barua akiutaka ukanda. Kamati ikaundwa. Afisa wa kamati, kijana mmoja wa ofisi ya wilaya anayeitwa Wolfgang, akaichomeka ile diski kwenye kompyuta yake, akaona jambo.

"Kompyuta inajiandikia yenyewe saa uliyomaliza kazi," Joakimu alisema. "Mkutano ulifunguliwa saa sita mchana, mimi mwenyewe ndiye niliyeufungua. Faili la mkeo linasema muhtasari ulikamilika saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku hiyo hiyo. Sasa niambie wewe, Margwe. Mama Eva alikuwa nabii?"

Margwe aliuliza tu mhuri utagongwa lini. Akaambiwa Alhamisi, kamati itakapokaa wilayani Katesh. Siku ile ilikuwa Jumatatu.

Akauliza tena, wewe ulikuwepo, kwa nini huwaambii kwamba watu waliamua kweli? Joakimu akatazama ng'ombe. Alisema amekwisha waambia, lakini watu hubishana na kompyuta haibishani, na kama muhtasari ni wa uongo basi lazima awepo aliyeutengeneza. Afadhali awe ni marehemu kuliko mtu mwenye watoto wa kulisha.

"Hakuna atakayefungwa," alisema akiinuka. "Ndiyo uzuri wake."

Alipoondoka, Margwe alikaa kwenye kigoda chake mpaka jua likahama mlangoni. Alikuwa mtu wa kulaumu, hilo kijiji kizima kilijua, na alikuwa na orodha yake. Aliwalaumu walioliua shamba la ngano. Aliwalaumu waliosema soko huria litaleta mbolea, ikaja mbolea ya bei ambayo hata panya hakuigusa. Zaidi ya wote aliwalaumu wa kituo cha afya, kwa sababu usiku ule Restituta alipozidiwa gari la wagonjwa halikuwepo. Lilikuwa limekwenda kubeba viti vya sherehe. Mtu alikufa kwa ajili ya viti. Alikuwa amelisema hilo kanisani, kilabuni, na mbele ya diwani, mpaka watu wakawa wanahama benchi akija. Lakini hili lilikuwa jipya. Mara hii hawakumwacha tu mkewe afe, walitaka afe akiwa mwongo.

Na mwongo hakuwa. Restituta alikuwa mwanamke wa kurudi dukani kurudisha sanduku la kiberiti alilozidishiwa. Huyo ndiye wanayetaka kumwandika hivyo, na karatasi ikishagongwa mhuri itakwenda mkoani Babati, itawekwa kwenye kabati, na wajukuu zake wataisoma humo.

Kompyuta yenyewe haikuwa na msaada tena. Baada ya mazishi parokia waliipeleka mjini kwa fundi, ikarudi imefutwa kila kitu, safi kama sahani. Lakini nyumbani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo zilikuwamo diski nane alizoacha Restituta, kila moja ina karatasi ndogo iliyoandikwa kwa mkono wake: Matangazo, Ubatizo, Barua, Mikutano. Margwe hakujua diski inasomwaje. Alijua tu nani anajua.

Jumanne asubuhi alikwenda Katesh kwa Mwalimu Rogathe.

Rogathe hakuwa mwalimu wa shule tena. Alikuwa amefungua steshenari nyuma ya soko, kuna mashine ya kutoa nakala na kompyuta mbili, na watu walimwita mwalimu kwa sababu jimbo la kanisa lilimkodi kufundisha makarani wa parokia. Restituta alikuwa mwanafunzi wake. Alipomwona Margwe mlangoni ameshika kopo kwa mikono miwili, alisimama akamwamkia shikamoo, akampa kiti cha wateja, na hakuuliza chochote mpaka mzee alipomaliza kuitikia na kupumua.

Margwe alimweleza yote, pamoja na gari la viti, ingawa gari halikuhusika. Alitaka afungue diski ya Mikutano mara moja na kumchapia kila kilichomo. Rogathe akakataa.

Alikuwa mwanamke mwenye misimamo yake kuhusu mashine, na aliieleza kama wengine wanavyoeleza malezi ya watoto. Aliichukua diski ya kwanza, akaigeuza, akasukuma kwa ukucha kitufe kidogo cha plastiki kilichopo pembeni. Alisema sasa imefungwa, inaweza kusomwa lakini haiwezi kuandikwa. Ukifungua faili la ushahidi kisha ukalihifadhi tena kwa bahati mbaya, hata kama hukubadilisha nukta, saa ya zamani inafutika na inakaa ya leo. Watu wengi wamejipoteza namna hiyo. Vilevile hakutaka kufanya kazi juu ya diski yenyewe, diski ni kitu cha kuvunja moyo, leo inasoma kesho inakwaruza. Unanakili kwanza kwenye kompyuta, halafu asili unairudisha kwenye kopo lake.

Alifunga diski zote nane, akanakili, mashine ikinguruma kidogo kila mara. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mafaili yote yalikuwa yamehifadhiwa kwa muundo wa RTF.

"Alinisikiliza," alisema. "Huwa nawaambia, msihifadhi kwa programu mpya mkidhani ndiyo maendeleo. Unapeleka barua wilayani, kompyuta ya wilaya ni ya zamani, faili linatoka mikwaruzo mitupu. RTF haina mapambo lakini inafunguka kwa kila mtu. Na ile tarehe ya kujiandika yenyewe juu ya barua siitaki kabisa. Barua ya mwaka juzi ukiifungua inakwambia imeandikwa leo. Wenzangu wananicheka, lakini Mama Eva alikuwa anaandika tarehe kwa vidole vyake."

Margwe aliona maneno hayo ni mazuri, ila hayakumsaidia. Faili la mkutano lilikuwa pale pale kwenye skrini, katika safu ya majina na saa, na saa yake ilikuwa ile ile ya Wolfgang. Rogathe alimsomea polepole: Jumatano, Agosti kumi na nne, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Wala hakumpa matumaini ya bure. Alisema saa ya faili hutoka kwenye saa ya kompyuta, na kompyuta aliyotumia Mama Eva imekwisha futwa, hakuna wa kuiuliza.

Mteja aliingia kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa, akatoka. Rogathe aliendelea kushuka na ile safu ya mafaili, labda kwa heshima tu, ili mzee asione ameachwa. Mara akasimama.

"Mzee, samahani nikuulize. Mama Eva alikuwa anaandika saa tisa za usiku?"

"Saa tisa usiku alikuwa amelala," Margwe alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa macho."

"Hili hapa ni matangazo ya Misa. Jumapili, Julai ishirini na moja. Linasema saa tisa na dakika kumi usiku."

Margwe aliinuka akasogea. Macho yake hayakuwa mabaya, na tarakimu alizijua vizuri kuliko herufi. Alitazama pale kidole cha Rogathe kilipokuwa.

"Wewe unasoma nini?" aliuliza. "Hapo pameandikwa tatu na kumi."

Rogathe akamweleza kwa upole, kama alivyokwisha waeleza wengi. Kizungu huanza kuhesabu katikati ya usiku, kwa hiyo tatu yao ni tisa yetu. Mtu akizoea hata hafikirii, jicho linaona tatu na mdomo unasema tisa.

Lakini Margwe alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa ameikumbuka Jumapili ile. Mzee Bura wa pale juu alikata roho alfajiri, na yeye Margwe ndiye aliyetembea hadi parokia kuleta habari, ili itangazwe Misa ya pili. Alimkuta Restituta mezani. Jenereta lilikuwa linaunguruma, kwa sababu Jumapili liliwashwa asubuhi kwa ajili ya kipaza sauti. Alimwambia, naye akaongeza mstari chini ya matangazo. Ilikuwa kati ya Misa na Misa. Ilikuwa saa tatu.

"Fungua hilo," alisema.

Rogathe akalifungua. Mstari wa mwisho ulitangaza kifo cha Mzee Bura, kilichotokea alfajiri ya leo.

"Alfajiri haijafika saa tisa usiku," Margwe alisema. "Mtu hakuwa amekufa bado. Hiyo tatu si ya Kizungu. Hiyo tatu ni ya kwetu."

Mkono wa Rogathe ulibaki juu ya kipanya. Kisha akairudisha ile safu tangu mwanzo, na safari hii alisoma tarakimu jinsi zilivyo, bila kuzigeuza, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Tisa na arobaini. Kumi na dakika tano. Kumi na mbili na hamsini. Kumi na moja na thelathini. Mafaili yalikuwa arobaini na matatu. Ukiacha mawili ya Jumapili, yote yalianguka kati ya tisa na moja. Hakuna la nane, hakuna la mbili. Akamtazama mzee, na mzee akamwambia jambo ambalo kila mtu wa kijiji kile angemwambia: siku za kazi jenereta la parokia liliwashwa saa tisa alasiri na kuzimwa saa moja jioni. Padre alikuwa mkali kwa dizeli. Kabla ya saa tisa usingechapa hata jina lako.

Kwa hiyo ile saa nne ya Wolfgang, ambayo kwenye skrini iliandikwa kumi na dakika ishirini, ilikuwa saa kumi jioni. Mkutano ulifungwa saa tisa. Restituta alitoka pale na daftari lake, akaenda kwenye kompyuta, akachapa saa nzima na zaidi, akamaliza. Saa ya kompyuta ilikuwa imetegwa kwa Kiswahili.

Rogathe alijishika kichwa. Alisema alimfundisha yote, kuhifadhi, kunakili, kupanga kurasa, hata kibodi yake ya Kijerumani yenye Z mahali pa Y waliigeuza pamoja. Saa hakumfundisha. Alidhani kila mtu anajua.

Lawama ilimjia Margwe mdomoni, imeiva kabisa. Hawa wasomi, wanakodiwa na jimbo, wanafundisha nusu, halafu nusu iliyobaki inamwangukia mtu wa kijijini. Alifungua mdomo aiseme. Ndipo akakumbuka siku ile kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza.

Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka juzi. Kompyuta ilikuwa imetoka Ujerumani ndani ya sanduku lenye magodoro, naye Margwe alikuwa miongoni mwa waliolibeba. Wengine waliondoka, yeye akabaki amesimama mlangoni na kofia mkononi, maana alitaka kuona. Restituta aliwasha. Pembeni mwa skrini, chini kabisa, palikuwa na saa ndogo, inasema kumi na tatu na hamsini na tano. Akamwuliza, Baba Eva, sasa hivi saa ngapi? Margwe akatazama saa yake ya mkononi, akasema saa kumi kasoro dakika tano. Restituta akaikodolea ile ya kompyuta. Alisema hii ni saa gani, kumi na tatu? Ngoja nimwulize Mwalimu Rogathe siku ya semina.

Na yeye Margwe akacheka. Alisema saa kumi na tatu haipo duniani, hata mtoto anajua, saa zinaishia kumi na mbili. Alisema ndivyo walivyo wakubwa, wanatuma mashine hawajui hata saa, na sisi tunangoja semina. Andika tisa hamsini na tano, basi. Restituta alisita. Aliweka vidole, akaviondoa. Margwe akasogea hadi mezani, akamwonyesha kwa kidole: pale, futa, andika. Akaandika.

Kama wangeiacha na saa yake ya Ujerumani, ingekuwa nyuma kwa saa mbili tu, na faili lingesema saa nane mchana. Labda hata Wolfgang asingelitazama mara mbili.

Margwe alirudi kwenye kiti cha wateja. Rogathe alimwuliza kama anaumwa. Akamwambia alichokumbuka, kwa maneno machache kuliko alivyozoea.

Rogathe alifikiri. Alikuwa mtu mwenye huruma, na huruma yake ilitafuta njia fupi. Alisema ndani ya kila kompyuta kuna betri ndogo ya saa, ikichoka saa inapotea. Mzee aseme betri ilikuwa mbovu. Hakuna atakayebisha, mashine imefutwa. Mama Eva atasafika, na yeye hatatajwa.

"Betri," Margwe alirudia.

"Neno moja tu, mzee."

Jumatano nzima alikaa na neno hilo. Lilikuwa neno zuri, lilikuwa na mtu wa kulaumiwa aliye mbali, huko Ujerumani, hatakuja kujitetea. Alilijaribu akiwa anakamua, akalijaribu tena shambani kwenye maharage. Kila alipolisema alimwona Restituta anaweka vidole na kuviondoa.

Alhamisi kamati ilikaa katika chumba kimoja cha ofisi ya wilaya, watu watano kwenye meza ndefu, kompyuta upande mmoja chini ya kitambaa cha kufuma. Joakimu alikuwepo kama mwenyekiti wa kijiji. Rogathe alifunga duka akaja na orodha ya mafaili arobaini na matatu, ameichapa kwa herufi kubwa. Wolfgang alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimwamkia Margwe vizuri na kumvutia kiti. Hilo lilimsumbua Margwe kidogo, kwa sababu alikuwa amejiandaa kumchukia.

Rogathe alieleza habari ya tarakimu. Wolfgang alisikiliza, akaomba karatasi, akaipitia kwa kalamu mstari kwa mstari. Alionyesha yale mawili ya Jumapili, Rogathe akamsomea kifo cha Mzee Bura. Wolfgang akaitoa diski ya kijiji kwenye bahasha, akaitazama kana kwamba imemdanganya. Kisha akamgeukia Joakimu. Alimwuliza jenereta la parokia liliwashwa saa ngapi siku za kazi.

Joakimu alikohoa. Nyumba yake ilikuwa inapakana na ukuta wa parokia na kila mtu alijua.

"Saa tisa," alisema mwishoni. "Lilikuwa linaniharibia usingizi wangu wa mchana."

Watu wakacheka, na katika kicheko hicho jambo lilikuwa limekwisha. Wolfgang aliivuta kompyuta, akaitafuta ile sentensi, akaifuta, herufi kwa herufi, mpaka mshale ukabaki peke yake unapepesa kwenye weupe. Margwe aliutazama mshale huo. Hakujua kwamba mtu anaweza kuona sentensi inavyokufa.

"Nitaandika kwamba saa ya kompyuta ya parokia ilikuwa mbovu," Wolfgang alisema. "Betri, pengine. Inatosha, mzee. Hakuna haja ya kumtaja mtu."

Rogathe alimtazama Margwe kwa upande. Neno lilikuwa limekuja lenyewe, hata kulisema hakuhitaji, alihitaji kunyamaza tu.

"Usiandike mbovu," Margwe alisema.

Wolfgang akaondoa vidole.

"Mashine haikuwa mbovu. Ukiandika ilikuwa mbovu, huyo anayeutaka ukanda atakuja kesho na kusema, mashine mbovu, na maneno yaliyotoka ndani yake ni mabovu. Na yale maneno si mabovu. Andika saa ilitegwa kwa Kiswahili."

"Na nani?"

"Marehemu ndiye aliyebonyeza. Alitaka kuuliza kwanza. Mimi nikamwambia aandike tisa hamsini na tano."

Ilibidi aeleze, na akaeleza, mpaka ile ya saa kumi na tatu haipo duniani. Mjumbe mmoja alificha mdomo kwa mkono. Joakimu hakuficha.

"Ndugu zangu, siku imefika," alisema. "Miaka yote hii Margwe anatuambia ni viongozi tu wanaokosea."

"Nyie bado mnakosea," Margwe alisema. "Hili ni langu."

Wolfgang aliandika. Aliandika taratibu, akimwuliza jina lake kamili na la baba yake, na alipomaliza alilisoma lote kwa sauti: kwamba muhtasari ni halali na uliandikwa baada ya mkutano, kwamba saa ya kompyuta ilitegwa kwa hesabu ya Kiswahili kwa maelekezo ya Margwe Sulle, mkulima, mume wa karani, kwamba karani alifanya kazi yake kwa uaminifu. Margwe akaomba hilo la mwisho lisomwe tena. Likasomwa. Ndipo mhuri ukagongwa, akatia saini yake, kubwa na iliyopinda, na Joakimu akatia ya kwake chini yake.

Nje, Wolfgang alimfuata hadi barazani. Alisema akitaka anaweza kulirekebisha faili, kulihifadhi upya kwa saa sahihi ili lisisumbue tena mbele ya safari. Rogathe alimkatiza kabla Margwe hajaelewa swali. Alisema asilitie mkono, faili la ushahidi halipambwi, ukilinyoosha leo kesho litaonekana limenyooshwa. Wolfgang alikubali. Alikiri kwamba yeye mwenyewe tangu alipopewa kompyuta hajawahi kutazama saa yake imetegwa na nani.

Ukanda ulikwenda Babati ndani ya jalada, na Babati hawakujibu mwezi ule wala uliofuata. Margwe hakutegemea wajibu. Kwa hao orodha yake ilibaki vile vile, na gari la viti lilikuwa bado juu kabisa. Ng'ombe waliendelea kupita kwenda majini.

Jumamosi baada ya kikao alikuwa amekwenda Gitting kwa binti yake. Eva alikuwa ameolewa huko, mwanamke mtu mzima sasa, mwenye sauti ya mama yake. Habari ilikuwa imemfikia kabla, tena imeongezwa chumvi na watu wa mnadani, kwa hiyo alimkaribisha baba yake kwa chai ya maziwa akamwambia asimulie mwenyewe. Margwe akasimulia. Alimsifu Rogathe, alimsifu hata Wolfgang, akamcheka Joakimu na usingizi wake. Alipofika kwenye siku ya sanduku la Ujerumani angeweza kupita haraka, lakini alisimulia yote, vidole vilivyowekwa na vilivyoondolewa.

Eva hakucheka. Alikuwa anachambua mboga kwenye ungo, akaacha.

"Baba, kwani kulikuwa na haraka gani? Mama alitaka kumwuliza mwalimu. Kwa nini hukumwacha aulize?"

Margwe alitazama chai yake. Watu wa kulaumu walikuwa wengi, walijaa tele kutoka kijijini hadi Dar es Salaam, na hata mmoja wao hakuwepo chumbani siku ile.

"Yeye alikuwa anajua mashine," alisema. "Nilitaka anione na mimi najua kitu."